NDIYO kwa Herufi Kubwa

Diski nne nimezinunua katika maduka manne.
Nolberto alisisitiza: zilizotoka boksi moja
huzaliwa pamoja, na hufa wiki moja.
Zimelala mezani juu ya gazeti la jana,
kati ya birika na bili ya umeme.
Nje, mvua ya Puerto Montt haina habari ya kukoma.
Harufu ya samoni imepanda kilima
ikaingia hata kwenye foronya.

Humu zitakaa sauti
za wanawake arobaini na mmoja wa zamu ya usiku:
nani alinyimwa ruhusa ya kwenda msalani,
nani alizimia penye barafu akakatwa ujira wa saa mbili,
nani aliambiwa tia sahihi hapa,
hukuumia kazini, uliumia kwako.
Walinisimulia kwa kunong'ona,
kisha wakauliza jambo moja tu:
Otilia, utayaweka wapi?

Tulibishana, mimi na Nolberto, hadi chai ikapoa.
Yeye: kila diski ifungwe kwa kufuli lake, ndipo tuziunge.
Mimi: tuziunge kwanza,
kisha kundi zima tulivike fumbo moja.
Nilishinda kwa sababu nyumba ni yangu,
na ni mimi nitakayeamka saa tisa usiku mambo yakikwama.
Akavaa kofia, akaenda zake. Hakuaga vizuri.

Edelmira alikuwa kitini, glavu mapajani.
Akauliza: na moja ikifa?
Tatu zitakazobaki, nikamwambia,
zitajua ya nne ilibeba nini.
Kwa hesabu. Kila moja imetunza kidogo
cha kuziba pengo la mwenzake.
Akautazama mkono wake wa kushoto,
pale mashine ya minofu ilipochukua kidole cha pete.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nikasema,
nikajutia papo hapo.
"Vinne vinavunja," akajibu. "Ila polepole."

Linux ikaanza kujipakia. Skrini ikaandika:
kilichomo kitafutika, wala hakitarudi.
Una hakika? Andika NDIYO kwa herufi kubwa.
Padri aliwahi kuniuliza, na hakimu, na daktari wa kiwanda,
hakuna aliyejali ukubwa wa herufi.
Nikaandika ndiyo ndogo, ile tuliyozoea kuitoa
mbele ya meza ya msimamizi.
Ikakataa.
Nikavuta pumzi.
NDIYO.

Nywila ni maneno sita. Dadu za mpwa wangu zilichagua,
mimi nilitii tu. Sitayataja.
Moja linamhusu punda.
Lakini kufuli hili lina nafasi ya funguo zaidi ya moja,
na ya pili nikampa Edelmira, asiye na kompyuta,
asiye hata na simu ya maana.
"Geuka," akasema.
Nikageuka nikaitazama mvua, nikihesabu migongo ya vidole vyake:
tak, tak, kimya, tak.
Siri ya mtungi aijuaye kata. Sikuuliza.

Kipande kidogo tu kilibaki wazi, cha kuwashia mashine,
mfano wa baraza: mgeni ataketi,
ataona mlango,
basi.

Saa saba usiku. Diski zinaungana, asilimia kumi na tisa,
taa nne zinapepesa bila mpangilio.
Edelmira amelala kochini na koti lake;
zamu yake ni saa kumi na moja.
Nikataka kujaribu. Nikazima, nikawasha.
Likaja swali.
Maneno matano yakaja mbio.
La sita
halikuja.

Nikamweka punda mwanzo. Nikamweka mwisho.
Nikafungua friji, nikaifunga.
Sauti arobaini na moja ndani ya bati hilo la kijivu
na mimi nje, na soksi zangu za sufi,
mtunza siri aliyefungiwa nje na siri yake.

Nikamgusa bega.
Hakushangaa. Akavuta kiti, akapuliza vidole tisa
kama afanyavyo kabla ya kushika kisu.
"Geuka," akasema.