Sisi Mia na Hamsini

Kitabu cha kanuni kina kurasa kumi na nne.
Shemweta alikitolea kopi Barabara ya Nane
na ukurasa wa tisa ukaingia wino, hausomeki.
Tukasema si kitu, huo utakuwa wa breki.

Ukurasa wa tatu unasomeka vizuri mno:
Daraja la Pili, sisi mia na hamsini, zisizidi.
Mwantumu, mshika tochi, akainua kichwa:
"Mbona sisi tu watatu?"

Chuma chenyewe kilikuwa bodaboda yangu, Mikanjuni,
miaka saba ya abiria, mkaa, matenga ya nyanya,
na mara moja kitanda kizima, kimesimama wima.
Silinda ilikuwa imelika, duara limekuwa yai.
Fundi mwingine angeipanua, akatia pistoni kubwa, yakaisha.
Mimi nikapiga hesabu nyuma ya boksi la plagi:
robo ya milimita, unene wa kucha ya mtoto,
na tungekuwa sisi mia na hamsini nukta tatu.
Nukta tatu!
Machozi ya paka yanazidi hapo.
Lakini ng'ombe akiingiza kwato
kashaingia shambani.
Nikaibeba silinda mpaka Chumbageni kwa Hoza,
akaivisha bomba jipya ndani, ikarudi utotoni.

Watu hudhani kuunda ni kuongeza.
Miezi mitano tulikuwa tunatoa:
taa, honi, stendi, kiti kirefu, kapu la mbele.
Bamba la betri tulilitoboa likawa chekeche.
Kila bolti Mwantumu aliipeleka dukani kwa shangazi yake,
kwenye mizani ya sukari,
akaandika uzito katika daftari la madeni,
kwa hiyo chini ya "Mama Zuhura, mchele, nusu"
utakuta "mkono wa klachi, gramu tisini na moja".

Jumamosi ya ukaguzi tulikwenda Pongwe, ghala la mkonge.
Bi Riziki Sekibaha, karani wa marobota,
aliipandisha pikipiki kwenye mizani yake
kwa heshima ileile anayoupa mkonge, yaani hakuna.
Kilo mia na nne, nukta nne.
"Kanuni inataka mia na tano," akasema.
"Mmemkondesha."

Shemweta akakaa chini, kofia ngumu magotini.
Miezi mitano ya tupa na msasa,
na sasa tumefukuzwa kwa wembamba.
Mwantumu hakusema. Alikuwa anafunua madeni.
"Vikanyagio vya abiria, jozi, na bolti zake.
Mia sita na arubaini."

Nikavifuata nyumbani, mkebe wa maziwa, chini ya kitanda.
Mpira wa kushoto umelika kuliko wa kulia,
maana kila mtu hupandia kushoto.
Pale alikanyaga mke wangu usiku wa mvua, kwenda Bombo,
akinibana mbavu kila uchungu ulipomjia.
Tulikwenda wawili.
Nilivifunga bila kuvifuta.

Mia na tano, nukta sifuri nne.
Bi Riziki akagonga muhuri kwenye tangi.

Jumapili Shemweta alimaliza wa sita.
Wa kwanza alikuwa kijana wa Muheza, Kihiyo,
aliyetupita kwenye mteremko kama tumeegesha.
Haiwezekani, nikasema. Hiyo si mia na hamsini.
Tukachangishana elfu hamsini ya rufaa,
injini yake ikafunguliwa hadharani juu ya gunia.
Bi Riziki akapima, akapima tena.
Mia na arubaini na tisa.
Sawasawa na sisi.

Nikamshikia Kihiyo silinda hedi wakati anafunga,
spana yangu, nati zake, hatukutazamana.
Mkononi mwake, malengelenge ya tupa.

Elfu hamsini haikurudi.
Ikithibitika halali, hairudi,
na hilo limeandikwa wazi kitabuni,
ukurasa wa tisa,
chini ya wino.