Kaburi la Golikipa

Tulipofika futi mbili ndipo ubishi ulipoanza.
Udongo wa Uru ni laini juu, kama unakukaribisha,
chini una mizizi ya migomba iliyokatwa zamani
na mawe yasiyopenda wageni.
Kimaryo aliegemea sururu, akatema mate pembeni:
"Aminieli tumzike kwa heshima zote,
lakini mkoa huu haujazaa mchezaji kama Kilewo wa Magunia."

Machepe yakasimama.

Kilewo! Aliyevaa kiatu kimoja, mguu wa kulia peku,
eti kidole gumba kilikuwa na kazi ya kuusikiliza mpira.
Kilewo aliyempiga tobo beki wa Tanga,
akarudi kumwomba radhi,
akampiga tena.

"Mlevi yule," alisema Mangowi kutoka shimoni.
"Mchezaji ni Shabani wa Njoro, mtoto wa stesheni.
Kona yake ilikunja kama reli inavyokunja kuingia mjini:
golikipa anausikia mluzi, treni bado haionekani."

"Shabani alicheza misimu miwili!"

"Na vuli nayo ni fupi. Mbona mnapanda maharage?"

Godlisten, mjukuu wa marehemu, alitoa simu mfukoni,
akauliza kwa adabu video zao zipo wapi.
"Video ni mimi," alisema Kimaryo,
akajigonga kifua kwa ngumi yenye udongo.

Wakataja wengine: Temba aliyefunga kwa kisigino Ushirika
watu wakiwa wamejaa hadi juu ya paa la ghala la kahawa;
pacha wa Kiborloni ambao refa aliwaandika kadi moja;
fundi cherehani wa Majengo, jina limepotea,
kanzu zake tu zimebaki, zile alizowavisha mabeki.
Ila aliyelala ndani, mita ishirini kutoka hapo,
hakuna aliyemtaja.
Golikipa ni kufuli:
hukumbukwa siku ya wizi.

Mimi sikucheza. Nilikuwa mbeba machungwa.
Kwa hiyo najua vidole vyake, viwili vilipinda
vikakataa kurudi,
na kila mapumziko alininyooshea chungwa bila kusema
nimmenyee.
Nikasema, "Penalti je? Mwaka ule wa ukame,
Kilewo alipiga, Aminieli akaudaka.
Hakuupangua. Aliudaka, kama mtu anayepokea mtoto."

"Alimwachia!" Kimaryo akaruka. "Alikuwa shemeji yake!"
"Shemeji wa lini? Mahari ilikuwa haijaisha!"
"Ndiyo maana alimwachia!"

Mama Ndewinia akatokea kati ya migomba na birika la chai.
Tukainamisha vichwa, tukajifanya tunapima urefu.
Alichungulia shimo kwa muda.
"Msipime kimo," alisema. "Pimeni mikono.
Miaka arobaini na moja amelala ametanua mikono,
mimi nimelala ukingoni mwa kitanda."
Akamimina chai. Akahesabu vikombe, kimoja kikazidi.
"Hicho cha kaka yangu. Yuko njiani."

Alikuja taratibu, koti kubwa, fimbo ya mparachichi,
viatu vyote viwili miguuni.
Tulimtazama mguu wa kulia, tukaona aibu, tukamtazama usoni.
Kilewo aliomba chepe.
Akatupa udongo mara tatu, akihema kama mashine ya kukoboa,
na Mangowi, ambaye hajui kunyamaza hata kanisani,
akauliza:
"Mzee, ile penalti. Ulimwachia?"

Alifuta jasho kwa kofia.
"Upepo," alisema.
Akaketi juu ya kifusi, akanywa chai yake.

Upepo? Upepo gani?
Februari Moshi haina upepo, hata jani la mgomba halitikisiki!
Sasa ulivuma kutoka wapi, Kibosho au tambarare,
na ulimsaidia nani?
Tukaongeza nusu futi kila upande, kwa ajili ya mikono,
na futi ya tano na ya sita tulizichimba
tukibishania upepo.