Konzi ya Mchele

Kabla sufuria haijainjikwa, mama alichota konzi moja,
akaitia katika kopo la maziwa lenye kutu.
"Hii ni ya shule," alisema,
nami tumbo likinguruma.

Shule yenyewe ilikuwa jiko la kanisa:
watoto kumi na mmoja, ubao mmoja,
na mwalimu Biakthangi akitufundisha kuzidisha
huku moshi ukimtoa machozi
ambayo sisi tulidhani ni ya sala.

Mvua za Mizoram hazibishi hodi.
Mwaka wa nne ziliuporomosha ukuta wa chini.
Wazazi wakajipanga kutoka mtoni hadi mlangoni,
matofali yakipita mkono kwa mkono,
na Hrangchhuana, asiyejua kusoma, akiyahesabu kwa sauti,
akikosea,
akicheka, akianza upya.

Leo ni ghorofa tatu, zimeng'ang'ania mlima
kama mtoto mgongoni.
Wanafunzi mia nne na sita. Kuna maabara, kuna basi la manjano,
kuna ada ambayo mama asingeimudu.

Nami ni mjumbe wa kamati, miwani puani.
Mtu anauliza: na wasio nacho?
Tunachezea kalamu. Chini kwaya ya darasa la tano
inarudia ubeti uleule, sauti ya pili imepotea.
Kisha Zodinpuii, mhasibu wetu, anafungua mkoba,
anatoa kopo,
analiweka juu ya hesabu za mwaka.

Nachungulia. Mchele wa asubuhi hii.
Halijajaa.