Hesabu ya Makopo

Nina misonobari elfu mbili na mia tatu.
Nilikuwa nayo. Ulimi haujazoea bado.

Kila mmoja niliuchanja chale kwa tezo ya baba,
upana wa vidole vinne,
na chini ya chale nikafunga kopo
ulimbo udondoke, tone, kisha tone,
mpaka Septemba. Ndivyo tulivyokula hapa Kastradi.
Ndivyo Lambrini wetu alivyosomea uuguzi,
ndivyo meno yangu haya ya mbele yalivyolipiwa.

Jumanne, saa tisa alasiri, wingu likachomoza nyuma ya kanisa.
Dalili ya mvua ni mawingu,
ila lile tumbo lake lilikuwa la shaba
na halikunyesha kitu isipokuwa sindano za msonobari
zilizokwisha kuungua, nyembamba, nzima nzima,
zikitua mezani kwenye sahani za watu.

Simu zote zikalia pamoja, mlio mmoja kijiji kizima:
Ondokeni. Elekeeni pwani, feri inangoja.
Evdokia akazima jiko. Akafunga madirisha.
Kisha akachukua birika akamwagilia maua.
Mwanamke wewe, unafanya nini?
Akasema: siwezi kuyaacha na kiu.

Mimi sikwenda.
Nilibaki na Thrasos wa mgahawa, na vijana saba,
na trekta lenye pipa la kunyunyizia mizeituni dawa.
Ndege za maji tulizisikia ng'ambo ya mlima, kwa watu wengine.
Fimbo ya mbali haiui nyoka,
na nyoka huyu alilijaza bonde ukingo kwa ukingo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu.
Wenzangu husema moto ulinguruma kama gari moshi.
Sawa, ulinguruma.
Lakini mimi niliusikia ukihesabu.
Ulipofika kwenye miti yangu makopo yakaanza kupasuka,
ta, ta,
moja moja kwanza, kama mtu anayejifunza namba,
kisha kwa makumi, kwa mamia, sikuweza tena kuufuata.
Na kila mti ulianza kuwaka kwenye chale.
Pale pale. Upana wa vidole vinne.
Nilipofungua mimi, ndipo moto ulipoingilia,
ukapanda na mkondo wa ulimbo hadi kileleni
bila kuuliza njia, kama mwenye nyumba.
Miaka arobaini na mmoja
nimekuwa nikiuchongea milango.

Kijiji tulikiokoa. Zilikwenda nyumba tatu tu,
na zizi la Kiriakula, pamoja na waliokuwamo,
ambao hatuwataji mbele yake.
Thrasos hana nyusi mpaka leo.
Jumapili huzichora kwa wanja wa mkewe,
nasi tunacheka, inabidi tucheke.

Siku ya nne Evdokia akarudi, akayakuta maua yake hai.
Hakusema kitu.
Alinisugua mgongo kwa sabuni ya zeituni,
maji yakatoka meusi mara sita.
Ya saba hakusugua. Aliegemeza paji lake begani kwangu
na sabuni ikayeyuka mkononi.

Moto huzaa majivu; majivu huzaa karatasi.
Amekuja kijana wa wilaya na fomu:
idadi ya miti, mapato ya mwaka, umri wa mwombaji.
Nikaandika sitini na tatu.
Msonobari hutaka miaka thelathini kabla haujaikubali tezo.
Kijana aliiona namba, akanitazama,
akajifanya anatafuta kalamu.

Asubuhi bado napanda mlimani. Miguu haina habari.
Juzi niliokota kopo moja lililokunjamana,
ulimbo ndani umekuwa kioo cheusi,
na ndani ya kioo, sisimizi, miguu yote sita.
Nimeliweka dirishani katikati ya maua.
Jioni Evdokia hupita na birika,
na kila akilifikia
hulitia tone.