Dakika ya Nne

Sheria yangu ni moja: nisiseme.
Nikae pembeni na kalamu, nihesabu dakika,
Kaije Shaame atafute peke yake.

Chumba tumekiazima, Chake, juu ya duka la kopi.
Feni inalia. Vileja sahani nzima, hajagusa.
Kazi niliyompa nyepesi, nilivyodhani:
"Umepata nafasi chuoni. Tafuta pa kulala."

Dakika ya kwanza, simu haikijui kidole chake:
mwani wa Micheweni umeila ncha.
Anakipangusa kwa mtandio, anajaribu tena.
Hilo halimo kwenye karatasi yangu.

Ya pili, anasimama mbele ya "Udahili".
"Hapa siingii. Kudahiliwa si kuhojiwa?
Kwani nimeiba nini?"
Nauma kalamu.
Neno hilo tulilikalia vikao vitatu, Unguja mjini,
kwa chai, kwa sambusa, kwa kamusi mbili,
asikumbuke mtu kumuuliza anayebisha hodi.

Ya tatu, "Dira na Dhamira". Anaisoma yote,
kwa adabu, kama asomaye barua ya mkwe.
Anarudi. "Rasilimali". Anarudi.
"Ustawi wa Wanafunzi" anaupita mbio,
na kitanda chake kimo humo humo,
mlango wa tatu, nyuma ya "Makaazi Jumuishi",
maneno niliyoyatunga mimi, usiku, nikajipongeza.

Ya nne, ananitazama.
"Niwie radhi, kaka. Mimi ndiye sijui."

Hapo nikaivunja sheria.
"Wewe ungepaitaje?"
"Wapi?"
"Wanapolala wanafunzi."
Akacheka, cheko la kumhurumia mtu mzima:
"Si dakhalia? Kwani nyinyi huko mwaitaje?"

Dakhalia.
Nimelala dakhalia miaka minne,
kitanda cha juu, kunguni wa chini.

Nilimsindikiza hadi ngazini. Ukutani,
kwenye kipande cha boksi la sabuni, wino mwekundu:
CHOO KIKO NYUMA. UFUNGUO KWA BI MIZE.
BI MIZE NI MIE.
Nikakisoma mara mbili,
kama mwanafunzi aliyechelewa darasa.

Bado wanne leo. Chai imepoa.
Nimefuta mawili, nimeandika moja.
Kamati itauliza hadhi ya maneno imekwenda wapi.
Imelala, nitawaambia. Imepata kitanda.