Spoku Thelathini na Sita

Ting.
Hivyo ndivyo spoku inavyokatika: sauti ya kijiko
kikigonga glasi, mtu akitaka kutoa hotuba.
Mwezi wa Machi nilisikia hotuba tatu
kati ya nyumbani na kiwanda cha sukari.
Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama mlevi,
nikashuka, nikaikokota baiskeli kilomita nne
kando ya mfereji, bata wakinitazama.

Huku Groningen hatuna mlima.
Upepo ndio mlima wetu, nao unahama:
asubuhi uko mbele yako,
jioni umezunguka kukungoja mbele tena.

Kilo mia moja thelathini na nane.
Nimeziandika kwa maneno, si kwa tarakimu,
ili nawe uzibebe kidogo.

Duka la kwanza, kijana wa fulana ya kubana
alinipima kwa macho, kutoka kiatu hadi kidevu,
akasema kwa upole, ule upole wa hospitalini,
"Labda ungefikiria ya magurudumu matatu?"
Nikainama kusoma kibandiko kwenye fremu,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
mwisho kilo mia na ishirini, mwendeshaji pamoja na mizigo.
Nikajitoa. Nikabaki na deni la kilo kumi na nane,
na bado sijavaa koti la mvua,
bado sijanunua mkate.

Geertje Bolhuis, karakana yake chini ya reli,
hakunipima.
"Unakwenda wapi," aliuliza, "na unarudi na nini?"
Nikamwambia: kazini, zamu ya usiku.
Jumamosi kwa mama, Winsum, na kreti ya chupa.
Akafuta mikono, akaleta kitu cheusi cha chuma
kisicho na sura ya kupigwa picha,
akakisukuma kwa nyonga, kama mtu anayejaribu mlango.
"Hesabu."
Nikapiga magoti, magoti yakalia,
nikapitisha kidole: thelathini na sita,
nene, zimesukwa kwa mkono, zikipishana tatu tatu.
"Yako ilikuwa na ishirini na nane," akasema.
"Hukuzivunja, Wubbo. Ulipewa chache."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huyu aliuinua kwanza, ndipo akasema.

Kisha akanikalisha juu ya kipande cha kadibodi,
akapima kwa rula pale mifupa ilipobonyeza.
Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kiti kipana kama sofa.
"Mifupa ndiyo inayokaa," akasema. "Nyama ni abiria."

Bei ilinikausha koo.
Niliuza ile mashine ya kukimbilia chumbani,
ambayo kwa miaka sita ilianika mashati yangu kwa uaminifu.

Miaka yote nimeendesha nikisikiliza chini yangu
kama mwenye nyumba anayesikiliza paa lake.
Jumamosi, juu ya daraja la Winsum,
tairi pana zikimeza matofali,
upepo ukinisukuma kifuani, nami nikiusukuma,
nikasikia: ting.

Breki. Moyo juu. Nikashuka,
nikachuchumaa mbele ya watu, nikahesabu kwa kidole.
Thelathini na nne. Thelathini na tano.

Zote zipo.
Ni chupa za mama, kwenye kreti, zinagongana.