Karatasi ya Penseli

Mimi ndiye ninayechora jedwali.
Kila tarehe kumi na tano, kabla chai haijaletwa,
nafungua daftari la Mahakama ya Mwanzo, Himo,
nyuma ya soko la mahindi,
naanza kupanga watu kwa mistari.

Mstari wa kwanza ni Hakimu Rugaimukamu.
Ngazi, mshahara, kisha makato:
bima, mfuko, chama, mkopo wa benki,
na mkopo mwingine uliozaliwa na ule wa benki.
Safu ya mwisho ni kinachobaki.
Hukiita "changu," kwa sauti ndogo,
kama mtu anayemtaja marehemu.
Fedha zake za uhamisho kutoka Biharamulo
huu ni mwaka wa tatu ziko njiani.
Vitanda vilifika. Kuku hata mmoja alifika.

Wazee wa baraza hawamo kwenye jedwali.
Wana karatasi yao, nyembamba, ya penseli,
maana wao hulipwa kwa kesi iliyokwisha,
si kwa siku walizokaa.
Shahidi akiugua, hakimu akiitwa semina Moshi mjini,
Mama Ndeonansia Kyara hupanda Kilema kwa miguu,
vumbi la malori ya Taveta kwenye kilemba.
Aliniuliza: "Kesi ya mpaka wa Mallya
nimeikalia mara thelathini na moja.
Siku ikiisha, nalipwa mara ngapi?"
Nikasema, mara moja.
Alicheka hadi akashika meza:
"Basi ni mimba thelathini na moja,
mtoto mmoja, tena njiti."

Tarehe ishirini na mbili akaletwa Elinihaki Mbwambo,
mlinzi wa ghala, miezi mitano bila ujira.
Alitoa magunia mawili, saa nne asubuhi,
mbele ya makuli na wachuuzi wa ndizi,
akafunga mlango, akarudisha ufunguo.
Hakimu: "Hukuweza kuvumilia?"
"Mheshimiwa, niliambiwa mvumilivu hula mbivu.
Mle ghalani mlikuwa na makavu tu."
Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, taratibu.

Kisha kikatolewa kielelezo namba moja:
karatasi ya mfuko wa saruji, upande wa ndani,
imepigwa mistari kwa ukingo wa panga.
Machi: gunia moja. Aprili: gunia moja.
Mei, Juni, Julai: *bado*, *bado*, *bado*.
Chini kabisa, makato:
tochi niliyopoteza, shilingi elfu nne.

Niliitazama kazi ya mwenzangu.
Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu.
Hakimu aliisoma kwa muda mrefu mno
kwa karatasi yenye maneno machache kiasi hicho.
Kalenda ilikuwa ukutani. Hakuitazama.
Nilimwona asivyoitazama.

Mzee Tarimo akasema: mwizi ni mwizi,
tumalize, mvua hiyo inakuja.
Nami tayari nilikuwa nimeshika penseli,
kesi moja, wazee wawili, posho mbili.

Mama Ndeonansia akavuta khanga yake.
"Mimi nataka mwenye ghala aje.
Aje na daftari lake. Tuyalaze mawili haya
pamoja, kama nguo za watoto, tuone lipi fupi."
"Mama, hilo ni kuahirisha," hakimu akasema.
"Najua ni nini."
"Na posho..."
"Najua, baba. Andika."

Akaandika. Mbwambo akadhaminiwa na dada yake
na mtendaji wa kijiji. Mvua ikashuka juu ya bati,
ikawa hatusikiani tena.
Mama alivua viatu, akaviweka ndani ya mfuko wa nailoni,
akaanza kupanda.

Jioni hakimu alisimama mlangoni pa masijala,
koti limelowa bega moja.
"Ile karatasi ya saruji," akasema,
"itunze mahali pakavu."

Niliiweka katikati ya daftari la mishahara,
kwenye ukurasa wake.